Uzi: Tulivyouza waya Kariakoo kwa programu yenye breka moja, na tulivyoikata vipande bila kuandika upya

#1 FundiSoketi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki mbili zilizopita kuna mtu aliuliza "mfumo gani mzuri kwa duka linalokua", nikasema nikipata nafasi nitaandika. Nafasi yenyewe imepatikana leo: umeme umekatika ofisini na laptopu ina chaji. Vumilieni urefu.

Bosi wangu anauza vifaa vya umeme kwa jumla, Kariakoo. Waya, swichi, soketi, taa, mabomba ya kupitishia waya. Programu ya kwanza nilimwandikia mwaka 2017, peke yangu, kwa PHP (lugha ya kuandikia programu) na MySQL (hifadhidata). Duka moja, kaunta mbili. Na ilikuwa nzuri, hapo sioni aibu kujisifu. Winga analeta mteja, kijana wa kaunta anapiga bidhaa tatu, risiti inatoka, mzigo unashushwa kutoka stoo ya juu. Miaka miwili sikusikia lalamiko.

Bosi akafungua Tegeta. Mimi kwenye jedwali la bidhaa nikaongeza safu wima moja tu. Kulikuwa na `stoki`, nikaigeuza `stoki_kkoo`, pembeni nikaweka `stoki_tegeta`. Dakika kumi, bosi kanipa hela ya soda. Akafungua Morogoro, nikaongeza safu. Dodoma, safu nyingine. Mwenye macho ameshaona tunakoelekea.

Huku nako ile sehemu ya kuuza ilikuwa inanenepa. Ilianza na mistari 60 hivi. Bosi akataka mteja apate SMS ya shukrani, nikaichomeka humo. Mafundi wanaoaminika wachukue kwa mkopo, humo humo. Risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi), humo humo. Punguzo la winga, humo humo. Kufika 2021 ilikuwa na mistari 1,400, na aliyethubutu kuigusa ni mimi tu, tena usiku maduka yakiwa yamefungwa, kama mtu anayeiba.

Alhamisi, tarehe 23 Desemba 2021. Anayeijua Kariakoo ya wiki ya Krismasi hahitaji maelezo. Saa nne na nusu asubuhi simu inaita: kaunta zote zimeganda. Sijakaa vizuri, Tegeta wanapiga. Kisha Morogoro. Dodoma walichelewa kupiga kwa sababu walidhani ni intaneti yao.

Naingia kwenye seva, seva imetulia tuli, kama haina kazi. Nikaangalia orodha ya maombi yaliyo kwenye hifadhidata: foleni ndefu, yote yanasubiri kubadilisha mstari mmoja, bidhaa namba 118. Bidhaa 118 ni waya mwekundu wa milimita 2.5. Karibu kila nyumba inayojengwa inauhitaji kwa ajili ya soketi, kwa hiyo karibu kila mteja anaununua.

Kilichotokea ni hiki. Kampuni iliyokuwa inatutumia SMS (jina naliacha) ilikuwa imelemewa siku hiyo, haijibu. Programu yangu ilikuwa inaandika mauzo, inafunga mstari wa bidhaa 118 ili kaunta nyingine isipunguze stoki kwa wakati mmoja, halafu, kufuli likiwa bado limefungwa, inapiga hodi kwa kampuni ya SMS na kusubiri jibu. PHP usipoiambia vinginevyo inasubiri sekunde 60 ndipo ikate tamaa. MySQL nayo inamvumilia anayengoja kufuli sekunde 50 tu. Pigeni hesabu: aliye nyuma anafukuzwa na kosa kabla aliye mbele hajatoka. Na kwa kuwa matawi yote manne nilikuwa nimeyapanga kwenye mstari mmoja kama safu, kijana wa Dodoma alikuwa anasubiri winga wa Kariakoo apate ujumbe wa "Asante kwa kununua kwetu".

Nilizima SMS saa sita kasorobo, kwa kufuta mistari moja kwa moja kwenye seva, mikono inatetemeka. Muda wote huo tuliuza kwa daftari, na stoki haikukaa sawa mpaka katikati ya Januari.

Naendelea chini.

#2 KahawaChungu

Nimekaa paleee. Endelea mkuu, usituache kwenye mataa.

#3 FundiSoketi

Jioni ile bosi akaniita. Nikaanza kumweleza habari za kufuli za hifadhidata, akawa ananitazama tu. Nikageuka kwenye shelfu nikashusha boksi la breka, lile la njia nane, nikaliweka mezani. Nikamwambia, bosi, taa zina breka yake, soketi zina yake, jiko lina yake.

Akasema: "Kwa hiyo mimi nyumba nzima umenifungia breka moja?"

Ndiyo bosi.

"Na taa ya choo ndiyo iliyozima nyumba?"

Ndiyo bosi.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza itagharimu kiasi gani. Hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa la pili, maana jibu lililokuwa mdomoni ni "tuandike upya". Bahati nzuri tulikuwa tumeshaajiri binti mmoja kutoka chuo, yeye akaniuliza swali la kijinga lenye akili: "Tukiandika upya, tutauza na nini mwaka huo?"

Tukafanya kama ule mtini unaoota juu ya mti mwingine, unashusha mizizi taratibu kuuzunguka mpaka siku moja mti wa ndani haupo tena. Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu, aliupa mtindo huu jina la mti huo mwaka 2004 baada ya kuiona miti hiyo Australia. Mfumo wa zamani unaendelea kuuza, wewe unauondolea kazi moja moja.

Tulianza na SMS. Tulitengeneza jedwali `kazi_za_nje`. Mauzo yanapoandikwa, ndani ya muamala uleule wa hifadhidata, unaandikwa mstari mmoja wa ziada: "mpelekee fulani ujumbe huu". Kaunta imeachiwa, mteja anaondoka. Pembeni kuna programu ndogo inayozunguka kila sekunde chache, inaokota kazi na kuijaribu, ikishindwa inairudisha ijaribiwe baadaye. Siri iko kwenye "muamala uleule". Mauzo yakifutika, ujumbe unafutika nayo. Mauzo yakiingia, ujumbe hauwezi kupotea. Ukiandika kazi hiyo mahali pengine baada ya mauzo, iko siku seva itazima katikati ya hatua hizo mbili.

Risiti ya EFD hatukuiweka kwenye foleni hiyo, maana mteja lazima aondoke nayo mkononi. Tuliitoa nje ya kufuli tu: stoki inapungua, kufuli linafunguka, ndipo risiti inachapwa.

Kisha stoki. Zile safu za matawi zikageuka mistari: tawi, bidhaa, idadi. Ukiisema ni sentensi moja. Kuifanya ilituchukua wiki sita kwa sababu `stoki_kkoo` ilikuwa imetajwa sehemu 212, nyingine kwenye ripoti ambazo hakuna aliyekumbuka kuziomba.

Mwisho ndiyo kuigawa programu vyumba kwa ndani: Stoo, Mauzo, Madeni, Malipo, Risiti, Taarifa (hizo SMS). Moduli sita, na bado ni programu moja, seva moja, hifadhidata moja. Kanuni ni moja tu na haina huruma: moduli haigusi jedwali la mwenzake. Mauzo akitaka kujua kama waya upo, anamuuliza Stoo kupitia mlango wa Stoo, na milango hiyo iko mitano tu: ipo ngapi, tenga, toa, rudisha, hamisha. Tuliandika jaribio linalosoma programu yetu yenyewe kila tunapotaka kuipandisha kwenye seva, likikuta Mauzo amechungulia ndani ya Stoo linakataa. Bila jaribio hilo kanuni ingedumu wiki mbili. Najijua.

Kazi yote ilichukua kama miezi saba, mara nyingi usiku na Jumapili.

Karibuni tujadili. Nawasilisha.

#4 MawinguniKabisa

Mkuu hongera, ila samahani, hiyo ni nusu ya kazi. Seva moja na hifadhidata moja mwaka huu? Dunia ilishahamia huduma ndogo ndogo, kila moja na seva yake na hifadhidata yake, ndani ya kontena (kifungashio cha programu), na programu ya Kubernetes inazisimamia. Netflix walihama kwa sababu kama yako hiyo hiyo. Amazon vilevile. Hifadhidata yako ikifa leo, breka zako zote sita zinazima pamoja.

#5 FundiSoketi

Hilo la mwisho ni kweli, sina ubishi. Hifadhidata ikizima, tumezima. Ndiyo maana tuna nakala hai kwenye seva ya pili, na bakapu tunaijaribu kila Ijumaa kwa kuirudisha kweli, si kuangalia tu kama faili lipo.

Netflix ni mfano mzuri ila tuusome wote. Agosti 2008 hifadhidata yao iliharibika, siku tatu wakashindwa kupeleka DVD kwa wateja. Ndipo wakaamua kuhama, na kuhama kwenyewe kulikamilika Januari 2016. Miaka saba na ushee, kampuni yenye jeshi la wahandisi. Sisi ni watatu, mmoja ananyonyesha.

Kuna wengine waliokwenda huko wakarudi. Kampuni ya Segment ilifika zaidi ya huduma 140, mwaka 2018 wakaeleza hadharani kwa nini wamezirudisha kuwa programu moja: timu ndogo ilikuwa inashinda kuzihudumia huduma badala ya kujenga. Mwaka 2023 timu moja ndani ya Prime Video ya Amazon, ile ya kukagua ubora wa picha na sauti, iliunganisha vipande vyake kuwa kimoja, gharama ikashuka kwa asilimia 90. Ni timu moja tu, siyo Amazon nzima, watu hupenda kukuza hapo. Na Shopify, yenye maduka ya dunia nzima juu yake, mwaka 2019 walieleza kwamba programu yao kuu ya mistari zaidi ya milioni 2.8 ya lugha ya Ruby wameigawa vyumba ndani, hawakuitawanya.

Kutawanya kwenye seva ni uamuzi mwingine kabisa, tofauti na kukata vyumba. Kila ukuta unaougeuza kuwa waya wa mtandao, umeukaribisha kila ugonjwa wa mtandao: kuchelewa, kupotea, kufika mara mbili. Mimi ugonjwa mmoja tu wa SMS uliniua tarehe 23.

#6 MawinguniKabisa

Haya, mistari milioni 2.8 nimeisikia. Lakini timu ikifika watu hamsini mtakanyagana humo.

#7 FundiSoketi

Tukifika hamsini nitakutafuta, naahidi. Na huko ndiko hoja yako ina nguvu. Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, aliandika kwamba mfumo huishia kufanana na namna watu walioujenga wanavyowasiliana. Timu kumi zisizoonana zitakupa mifumo kumi, utake usitake. Sisi watatu tunakaa meza moja, tunakula chakula cha mama ntilie mmoja.

#8 NyaliUpepo

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa Bongo, niongeze upande wa malipo maana hapo ndipo sisi tuliungua.

Safaricom walipofungua Daraja (mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa) mwaka 2017 kila mtu akaunganisha M-Pesa kwa mkono wake, nasi tukiwemo. Mteja anabonyeza lipa, simu yake inaleta kidirisha cha PIN, sisi tunangoja majibu yaje kwenye anwani yetu. Majibu yanakuja na msimbo: 0 ni sawa, 1032 mteja amekataa mwenyewe, 1037 simu haikufikika au hakujibu kwa wakati. Basi sisi tulizitawanya namba hizo kila mahali. Oda inajua 1032. Usafirishaji unajua 1032. Hata ukurasa wa shukrani unajua 1032.

Kosa lilikuwa letu wenyewe: programu yetu ikikwama katikati ilikuwa inachakata upya jibu lilelile, na hatukuwa na kizuizi. Mteja mmoja wa godoro akahesabiwa amelipa mara mbili, akapelekewa magodoro mawili. Alirudisha moja, Mungu ambariki, na dereva akalipwa safari mbili.

Sasa Malipo ni chumba chake. Ndani mna M-Pesa, Airtel Money, benki. Nje kunatoka kauli tatu tu: yamethibitishwa, yameshindwa, bado. Na ile namba ya ombi inayorudi na kila jibu tumeiwekea sharti kwenye hifadhidata kwamba haiwezi kuandikwa mara mbili. Tulipoongeza benki ya pili, oda na usafirishaji hawakuguswa hata herufi. Siku nne, na mbili kati yake tulikuwa tunasubiri hati kutoka benki.

#9 FundiSoketi

Godoro limenichekesha kwa sauti, watu wamegeuka. Kauli tatu na nukta. Nimeiba.

#10 MhasibuAsiyelala

Mimi ni mhasibu, nimesoma yote, nina swali moja la roho mbaya. Umesema moduli haigusi jedwali la mwenzake. Mwisho wa mwezi bosi anataka karatasi moja: bidhaa gani imeuzwa, imebaki ngapi, nani anadaiwa, faida kiasi gani. Hiyo ni Mauzo, Stoo na Madeni kwa mpigo. Utapita milangoni kuuliza bidhaa moja moja? Ripoti itoke Pasaka?

#11 FundiSoketi

Umenikamata. Ndicho tulichofanya mwanzo, nayo ripoti ilichukua dakika 40. Ya zamani ilikuwa dakika moja na nusu. Bosi aliniuliza kama hayo ndiyo maendeleo.

Tulivyotoka: kila moduli inatangaza meza yake ya kusoma tu. Ni mwonekano wa hifadhidata, na mwenye moduli ndiye anayechagua aonyeshe nini. Stoo anaonyesha tawi, bidhaa, idadi. Haonyeshi mizigo iliyotengwa na hesabu zake za ndani. Moduli ya saba, Ripoti, inaruhusiwa kuunganisha meza hizo, na haina ruhusa ya kuandika popote. Stoo akitaka kupangua majedwali yake ya ndani apangue, mradi mwonekano aliouahidi unabaki vilevile. Ripoti imerudi dakika mbili.

Watu wa kitabu watasema ni uvunjaji wa kanuni. Huenda. Ila ni uvunjaji wenye dirisha, siyo wa kuvunja ukuta.

Na kwa kuwa tumeanza kuungama, niungame la pili. Mwanzoni tulikuwa na moduli ya Bei peke yake. Kwenye karatasi inapendeza, bei ni kitu, mauzo ni kitu. Kariakoo lakini bei siyo namba iliyolala. Kuna bei ya winga, bei ya fundi, bei ya anayechukua roli kumi, na bei ya "huyu ni mteja wa mzee". Kila bosi alipobuni punguzo jipya tulifungua Bei na Mauzo pamoja. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita. Wiki ya tatu tukabomoa ukuta, Bei ikahamia ndani ya Mauzo.

Baadaye ndipo nikakutana na andiko la mwanasayansi wa kompyuta David Parnas la 1972. Alichukua programu ndogo ya kupanga faharasa akaikata kwa njia mbili. Njia ya kwanza kwa hatua: soma, zungusha, panga, chapa. Njia ya pili kwa maamuzi: kila kipande kinaficha uamuzi mmoja unaoweza kubadilika kesho. Ya pili ndiyo ilivumilia mabadiliko. Mimi niliikata Bei kwa jina lake, sikutazama nini hubadilika pamoja na nini. Andiko la miaka zaidi ya hamsini, na sikulisikia hata siku moja nikiwa darasani.

#12 MhasibuAsiyelala

Dirisha nimelikubali. Nitarudi na la VAT.

#13 EldoUasinGishu

Niko upande wa mifumo ya hospitali. Kama mnataka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, tazameni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza 2004, na mahali pa kwanza kuiweka ilikuwa hapa Eldoret, 2006, kwa kliniki za VVU. Mwaka huohuo ikaenda Rwanda. Ndani kuna kiini chenye mgonjwa, hudhurio na kipimo, mengine yanapachikwa kama moduli: fomu, ripoti, maabara. Kliniki ya kijijini inapachika tatu, hospitali kubwa inapachika thelathini, kiini ni kilekile.

Lakini niseme upande ambao hamjaugusa. Moduli zikishakuwa nyingi na kila moja ina mwenye nayo, matoleo hayaoani. Unapandisha kiini, moduli ya fomu inakataa, inataka toleo jipya la moduli nyingine, ambayo nayo inakataa kiini kipya. Nimewahi kukaa kituoni hadi saa nne usiku kwa sababu hiyo, na asubuhi wagonjwa wako kwenye benchi wanangoja. Sasa hatupandishi kitu bila orodha iliyoandikwa: kiini toleo hili, moduli hii toleo hili, zimejaribiwa zote pamoja.

#14 FundiSoketi

Hii ni dhahabu. Sisi tumelikwepa kwa kuwa moduli zote saba zinapanda pamoja kama kifurushi kimoja, hakuna moduli yenye toleo lake. Ni faida nyingine ya kubaki programu moja, Mawinguni usinune.

Ila sasa limeanza kutunusa. Ndugu yake bosi ana duka la nondo na saruji, mwaka jana akaomba mfumo. Stoo, Madeni, Malipo na Risiti tulizichukua kama zilivyo. Mauzo ndiyo tuliandika mapya, maana nondo inauzwa kwa kipande na kwa tani, na bei inabadilika asubuhi na jioni. Wiki tano, mfumo umesimama. Ule wa kwanza ulinila miezi minane, tena ukiwa wa duka moja.

Utamu ukaingia shubiri mwezi wa tatu: huyu wa nondo anataka Madeni yakubali dhamana ya hati, yule wa waya hataki kuona kitu hicho. Sasa Madeni ina mabwana wawili. Nikiinakili ziwe mbili, kosa moja nitalirekebisha mara mbili. Nikiiacha moja, kila badiliko liwaombe ruhusa wote. Kwa sasa ni moja, na dhamana imekaa nje kama kipande kidogo kinachoitwa kabla mkopo haujakubaliwa: wa waya hana kipande hicho, Madeni inapita moja kwa moja. Sijui kama itafika wateja watano.

Uhasibu wenyewe, kwa anayejiuliza, hatukuandika. Tulinunua programu iliyokamilika tukaipelekea mauzo ya siku kila usiku. Uhasibu wa bosi ni kama wa kila mtu, uununue. Bei ya winga haipo dukani kwa mtu yeyote, hiyo uandike mwenyewe.

#15 KahawaChungu

Matawi sasa ni mangapi? Mwanzo ulisema manne, kwenye uzi mwingine ulishawahi kuandika sita.

#16 FundiSoketi

Ni sita. Iringa na Mbeya tulifungua 2023. Kufungua Mbeya ilikuwa kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali la matawi, na kijana kusafiri na printa mbili. Printa moja ilifika imevunjika.

#17 MamaVitenge

Wanangu shikamooni wote mlionizidi, marahaba wadogo. Mimi sijui PHP wala nini. Nina maduka mawili ya vitenge, nataka la tatu. Kijana aliyenitengenezea mfumo ananiambia kila nikimwomba kitu "mama hicho ni kikubwa, tutagusa mfumo mzima". Juzi nimeomba tu risiti iandikwe namba mpya ya simu, kaniambia wiki mbili. Nimesoma uzi wote nimeelewa habari ya breka. Sasa nitajuaje ya kwangu ni breka ngapi, bila kufungua ukuta?

#18 FundiSoketi

Marahaba mama, na shikamoo. Swali lako ni bora kuliko yote ya humu.

Usimuulize ametumia teknolojia gani, atakujaza maneno. Muulize: "Mwanangu, leo saa tano mchana, watu wamejaa, nikizima SMS tu, nitaendelea kuuza?" Kisha: "Printa ya duka la pili ikifa, la kwanza litajua?" Kisha: "Nikifungua duka la tatu, unaongeza mstari au unaandika upya?" Usikilize jibu la kwanza litakalomtoka, kabla hajapanga maneno.

Na usimfukuze. Mimi nilikuwa yeye. Namba ya simu kuchukua wiki mbili maana yake ameiandika sehemu nyingi kwa mkono, naye anaogopa. Mlipe muda wa kusafisha, kama unavyomlipa fundi kubadilisha waya wa nyumba hata kama taa bado zinawaka. Duka la tatu lisubiri mwezi.

#19 MawinguniKabisa

Kwa mama hapo nakubaliana asilimia mia. Kubernetes kwenye vitenge hapana.

#20 MamaVitenge

Nimempigia sasa hivi. La SMS kanyamaza kwanza, halafu kasema, "Mama, kwani kuna mtu ameigusa?"

#21 FundiSoketi

Basi mama, wiki hii usiguse kitu. Mwambie aje na laptopu Jumapili, duka likiwa limefungwa, muizime SMS mkiwa wawili muone nini kinafuata. Akitaka, namba yangu nitamtumia kwa ujumbe wa faragha.